Mchezo wa maandishi haufunguki? Mtafutie mkalimani

Faili la kwanza la mchezo wa maandishi, yaani ule unaochezwa kwa kusoma hadithi na kuandika amri, nililopakua liliitwa advent.z5. Nilibofya mara mbili, kompyuta ikaniuliza ilifungue kwa programu gani, nami nikachagua ile ninayoandikia barua. Ukurasa ukajaa vidude visivyosomeka. Nikajua faili limeharibika, nikalifuta. Nikalipakua tena, nikalifuta tena. Kumbe lilikuwa zima muda wote.

Kilichokosekana ni mkalimani, yaani programu ya kuutafsiri mchezo kwa kompyuta. Faili la namna hiyo haliwezi kujiendesha lenyewe kwenye Windows wala Linux, kwa sababu limeandikwa kwa lugha ya mashine ya kufikirika tu, iitwayo Z-machine. Waliokuja na wazo hilo ni kampuni ya Infocom ya Marekani, mwaka 1979, walipotaka mchezo wao wa Zork uingie kwenye kompyuta ndogo za nyumbani. Apple II ilikuwa na lugha yake, TRS-80 yake. Badala ya kuuandika mchezo upya kwa kila kompyuta, waliandika hadithi, yaani faili la mchezo wenyewe, mara moja, kisha kila kompyuta wakaitengenezea programu ndogo ya kuitafsiri. Mimi uamuzi ule nauheshimu sana. Kompyuta zile zimeshakufa, lakini mtu akiandika mkalimani mpya leo, hadithi ileile inasomeka bila kuguswa hata herufi moja.

Basi kabla ya kupakua mkalimani, tazama jina la faili linaishaje. Likiishia .z3, .z5 au .z8, ni la Z-machine: chukua mkalimani aitwaye Frotz. Kwenye Linux inafanya kazi ndani ya dirisha la amri: unaandika frotz advent.z5, unabonyeza Enter, umeshaingia. Kwenye Windows kuna Windows Frotz, yenye menyu za kawaida. Faili la .ulx au .gblorb ni la Glulx, mashine iliyobuniwa baadaye na Andrew Plotkin, maana hadithi ya .z8 haiwezi kuzidi kilobaiti 512 na waandishi walikuwa wanabanwa. Za .gam na .t3 ni za TADS, mfumo mwingine wa kuandikia michezo hii. Usipotaka kuhangaika na haya yote, weka Gargoyle, inayosoma aina zote hizo. Ndiyo ninayompa kila anayeanza. Wenye Mac wengi hupenda Spatterlight.

Kuna mtego mmoja. Ukiwa na diski ya zamani ya Infocom, hadithi huenda imekaa ndani ya faili linaloishia .DAT, kwa mfano ZORK1.DAT. Lile faili jingine la kuanzishia mchezo liache, ni mkalimani wa kompyuta ya enzi hizo. Nakili .DAT, nakala uibadilishe jina iwe zork1.z3, kisha ifungue kwa Frotz.

Kama huna diski yoyote, nenda kwenye IF Archive, hazina ya mtandaoni ya michezo ya maandishi iliyoanzishwa mwaka 1992, ukapakue advent.z5 kama nilivyofanya mimi. Ni mchezo wa pango ulioanzishwa na Will Crowther na kupanuliwa na Don Woods mwaka 1977. Toleo hili la Z-machine ni la Graham Nelson. Unaanza umesimama mwisho wa barabara, mbele yako jengo dogo la matofali. Amri ni za Kiingereza, lakini maneno machache yanatosha. Andika in, uingie. Andika take lamp, kisha take keys. Ukitaka kujua umebeba nini, herufi i pekee inatosha. X lamp inakuonyesha taa kwa karibu. L inakurudishia maelezo ya mahali ulipo. Ukikosea, andika undo. Michezo mingi ya .z3 haiijui amri hiyo, ila kwenye Frotz ya Linux unabonyeza Alt na U, na mkalimani mwenyewe anakurudisha hatua moja nyuma.

Sasa kuhifadhi, na hapa nakuomba uwe makini. Kuna mkalimani wa kwenye kivinjari aitwaye Parchment, mzuri kabisa wa kuonjea mchezo. Nilicheza humo wiki mbili, kila jioni nikihifadhi. Siku moja nikasafisha data za kivinjari kwa sababu nyingine kabisa, na pango lote likaenda nazo. Niliumia, kwa sababu nilikuwa nimeshapita njia panda ambazo sikuzichora popote. Tangu hapo, mchezo mrefu nauchezea kwenye mkalimani uliowekwa kwenye kompyuta, na faili la kuhifadhia nalitunza kwenye folda moja na hadithi. Wakalimani wengi wa Z-machine huhifadhi kwa muundo wa Quetzal, faili likiishia .qzl au .sav. Kwa hiyo ulichohifadhi kwenye Frotz unaweza kukihamishia Gargoyle na kuendelea palepale, mradi hadithi ni faili lilelile. Toleo jingine la mchezo huohuo litakataa.

Pia usiandike juu ya faili moja kila mara. Taa ya kwenye pango ina betri inayokwisha, na ukihifadhi imebaki na zamu kumi, huna pa kurudi. Mimi mafaili nayapa majina ya mahali. La kwanza huliita kabla-ya-nondo.qzl: nimesimama juu ya mfuniko wa nondo za chuma uliofungwa kwenye mlango wa pango, funguo ninazo, taa bado sijaiwasha.