Pairolisisi ya plastiki mchanganyiko: mafuta yanapotelea wapi?

Pairolisisi ni kuvunja plastiki kwa joto ndani ya tangi lisilo na hewa ili itoe mafuta. Mafuta yakitoka machache, wengi hukimbilia kuongeza moto. Kumbe moto ukizidi, plastiki huvunjika mno na kuwa gesi. Kiwango cha kulenga ni nyuzijoto 400 hadi 500. Hasara kubwa hutokea kabla ya hapo, kwenye kuchambua, na baadaye kwenye kupoza.

1. Kata vipande, tia kwenye pipa la maji, koroga. Chupa nzima yenye kifuniko itaelea kwa sababu ya hewa na kukudanganya. Madumu, ndoo, vifuniko na mifuko laini huelea: ndiyo yenye mafuta. Chupa za maji ya kunywa (PET) na mabomba ya PVC huzama. PET hutoa asidi inayoganda kama unga na kuziba bomba. PVC hutoa gesi ya asidi inayokula chuma na mapafu. Polistirini ngumu (plastiki kavu inayovunjika kwa urahisi) huzama pia, lakini ina mafuta mazuri. Iopoe kwa maji yaliyokolea chumvi, ambayo Mtwara si ya kutafuta, kisha isuuze.

2. Kausha kabisa.

3. Tangi liwe nje, limezibwa, hewa imefukuzwa kwa naitrojeni. Usilifungue likiwa moto, hata kidogo tu.

4. Kupoza kuwe mara mbili. Ukianza na maji baridi, nta huganda bombani, mvuke unakosa njia, tangi linaweza kupasuka. Kipozeo cha kwanza kiache na joto la nyuzi 100 hivi, kinase nta. Cha pili kiwe baridi. Nta irudishe tangini ivunjike tena, lita zako nyingi ziko hapo. Gesi inayobaki ipite kwenye maji, iende kuchomwa jikoni mwa tangi.

Maswali ya wanakikundi

Fundi, nyavu chakavu za Mikindani je?
Zipime majini. Za nailoni huzama, na hutoa amonia na sumu nyingine, ziache. Za polithilini (plastiki ile ya mifuko laini na madumu) huelea, zioshe mchanga uzitie.

Na mifuko ya salfa ya mikorosho?
Hapana, dada. Salfa ikipata moto pamoja na plastiki hutoa gesi yenye harufu ya mayai viza, nayo huua.

Zeolaiti, ile kichocheo cha unga wa madini, itaniongezea lita?
Itakupa mafuta mepesi, nta kidogo, ila gesi huongezeka na lita mara nyingi hupungua. Kama unauza kwa wenye tanuri, hela hiyo nunulia kipozeo cha pili.

Bodaboda itakubali haya mafuta?
Usijaribu, kaka. Humo mna petroli, dizeli na nta pamoja. Bila kutenganishwa kiwandani yataacha utomvu kwenye kabureta.