Yai ndani ya pete ya hoho, kifungua kinywa cha kambini

Wengi wanaojaribu pishi hili mara ya kwanza hukwama mahali pamoja: ute unavuja, unatambaa kikaangoni kote, na ndani ya pete kinabaki kiini peke yake. Kinga yake huanza kwenye kisu, kabla hata moto haujawashwa.

Chagua hoho pana yenye ubavu ulionyooka. Ilaze, kisha katia katikati, palipo panene, pete za kimo cha sentimita 1.5. Hoho kubwa hutoa tatu. Toa mbegu na nyama nyeupe ya ndani. Kimo hicho kina sababu: pete yenye upana wa ndani wa sentimita 7 na kimo cha sentimita 1 hubeba mililita 38 hivi, ilhali yai la wastani lililovunjwa huzidi 40. Litafurika tu. Sasa simamisha pete juu ya ubao, inama uitazame ubavuni. Mwanga ukipenya chini yake, ute nao utapita hapohapo. Ichonge kidogokidogo mpaka ikae sawa.

Kitunguu kikubwa kinafaa pia: tumia tabaka mbili za nje zikiwa zimeshikana, na ubandue ule utando mwororo wa ndani, maana unateleza na yai haligandi vizuri. Nyanya iache. Maji yake ni mengi na ukuta wake hulegea upesi.

Usipike juu ya miali ya moto. Subiri makaa yavae jivu jembamba, kisha weka kiganja kama sentimita 12 juu yake. Ukivumilia sekunde 6 hadi 8, moto ni wa kiasi. Ukiondoa mkono kwenye sekunde ya 3, ute utaungua chini huku juu ungali majimaji. Teleka kikaango, tia kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, uyaangalie: yakikimbilia upande mmoja, kikaango kimeinama. Rekebisha mawe wakati huohuo, kwa sababu yai nalo litafuata njia ileile.

Kaanga pete dakika 2, zigeuze. Vunja yai kwenye kikombe kwanza. Likiwa viza, halitaharibu mengine. Gandamiza pete kwa mwiko bapa, mimina ute kidogo tu, kama kijiko cha chai, usubiri ugeuke mweupe na kuziba nyufa. Hapo ndipo umimine yai lote. Nyunyiza chumvi na pilipili manga. Tia kijiko kimoja cha chakula cha maji pembeni mwa kikaango, si juu ya yai, ufunike mara moja: mvuke ndio unaoivisha juu bila kulazimisha kugeuza. Kwa dakika 3 kiini hubaki laini. Kwa 5 au 6 huwa kigumu, na kigumu ndicho salama zaidi kwa watoto na wajawazito, hasa mayai yakiwa yamesafiri kwenye joto.

Kuepua, pitisha mwiko chini ya pete nzima ndipo uinue. Na ute ukivuja licha ya yote, usihangaike kuurudisha ungali majimaji. Uache ushike, ukate kuzunguka pete kwa ukingo wa mwiko, uukunje juu ya yai.