Siku mbili Mombasa: anza na Ngome, malizia na leso

Mimi ni fundi wa cherehani. Nakaa kwenye baraza ya duka moja pale Biashara Street na kazi yangu ni kukunga leso, yaani kushona pindo za kanga. Wageni hunifikia saa saba mchana, jua la utosi, mikono imejaa mifuko, na swali ni lile lile: "Mzee, Fort Jesus ni mbali?" Si mbali, kwa miguu unafika. Lakini saa hiyo na mizigo hiyo, utaona jua tu. Kwa hivyo mgeni wa mara ya kwanza mwenye siku mbili namwomba apange hivi: makumbusho asubuhi, mitaa ya Mji wa Kale alasiri, soko na maduka siku ya pili.

Ukija na treni kutoka Nairobi utashuka Miritini, nje ya kisiwa. Panda matatu ya mjini, weka begi unapolala, na jioni hiyo usifanye makubwa.

Asubuhi kula mahamri na mbaazi za nazi, kisha uwe mlangoni mwa Ngome, ndiyo hiyo Fort Jesus, saa mbili inapofunguliwa. Beba kitambulisho, maana raia hulipa kiingilio nafuu, na uwe na pesa kwenye simu. Usikimbilie mizinga. Panda kwanza ukutani upande wa bahari, kabla mawe hayajashika moto, utazame mlango wa bandari ya kale. Ukiuona ule mkondo hutahitaji kuelezwa kwa nini Wareno waliijenga hapo, kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Waarabu wa Oman waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na maradhi na njaa viliwamaliza waliokuwemo kuliko silaha.

Sasa shuka ndani ya makumbusho utafute vitu vya Santo António de Tanna, meli ya Kireno iliyokuja kuwaokoa ikazama papo hapo mbele ya Ngome mwaka 1697. Wapiga mbizi walivitoa chini ya maji miaka ya sabini. Kuna pia ukuta waliochora wenyewe Wareno, meli na watu, michoro ya mkono usio wa fundi. Mimi hapo husimama sana. Nawaza mtu yule, mbali na kwao, anachora meli ukutani. Waingereza nao waliifanya Ngome gereza, kuanzia 1895 hadi 1958. Tenga saa mbili nzima.

Adhuhuri pumzika. Kula, lala, oga. Watu wa bara huona ni kupoteza wakati, lakini sisi wenyewe ndivyo tunavyoishi.

Alasiri rudi, uingie Ndia Kuu ukianzia pale Ngomeni. Tembea polepole, tazama milango ya nakshi na roshani za mbao juu yako. Upite Msikiti wa Mandhry, wa tangu 1570, mnara wake mnene chini na mwembamba juu. Tafadhali vaa nguo za heshima, na usimpige mtu picha bila kumwomba. Hizi ni nyumba za watu, watoto wanacheza, kina mama wamekaa vizingitini. Toa salamu kwanza, na mara nyingi mtu atakuonyesha njia mwenyewe. Ukimwona muuza kahawa na dele lake, simama unywe kikombe cha kahawa chungu na kipande cha kashata. Magharibi ikikaribia, chukua tuktuk hadi Mama Ngina, pale ufukweni, ukae chini ya mibuyu ule mihogo na dafu, ukiangalia meli zinavyoingia Kilindini.

Siku ya pili ni Marikiti, soko letu la viungo. Nenda asubuhi. Viungo nunua vizima, usichukue vya unga: iliki iwe ya kijani na isipasuke, mdalasini ukivunja unukie, karafuu ukiibinya kwa ukucha iache mafuta. Mwambie muuzaji unapika pilau ya watu wangapi, akupimie. Achari ya embe na mabuyu vitafika salama nyumbani. Pembe za Ndovu, yale matao ya Moi Avenue, utazipita tu njiani, picha moja inatosha. Kongowea, ng'ambo ya daraja la Nyali, ni kwa anayetaka mitumba na ana nguvu za kusukumana.

Kutoka Marikiti hadi kwetu ni hatua chache. Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Leso huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyoungana, havijakatwa. Ina pindo pembeni, mji katikati, na chini ya mji pana jina. Watu huchagua rangi wakasahau jina, na jina ndilo linalosema. Binti mmoja kutoka Nyeri aliniletea doti nzuri ya zambarau, zawadi ya mavyaa wake, mama wa mumewe. Nikaisoma: "Hasidi hana sababu." Nikasimamisha mashine. Nikamwambia, "Mwanangu, hii usimpelekee. Atauliza hasidi ni nani." Alirudi dukani, akabadilishiwa, akaja na "Nani kama mama". Niliikunga kwa furaha. Basi mwombe mwenye duka akusomee na akueleze maana. Ukiona imeandikwa "Mali ya Abdulla", hiyo ni alama ya K.H.E., duka la zamani la mtaa huu huu.

Shika kitambaa, kikunje mkononi, kiinue kwenye mwanga. Pamba tupu huonyesha nyuzi zilizokaribiana. Ugumu wa leso mpya usikutishe, ni wanga, hutoka kwa maji. Bei uliza maduka mawili matatu. Tofauti huwa ndogo, na ukinunua doti kadhaa utapunguziwa bila ugomvi. Usije Ijumaa adhuhuri, maduka mengi hufungwa kwa swala.

Ukishanunua, mletee fundi yeyote wa barazani aikate na kuikunga, ukisubiri. Mwambie akate katikati ya pindo mbili, mstari uende sawa. Ukifika kwako, ifue peke yake mara ya kwanza, kwa maji baridi yenye chumvi, uianike kivulini.