Somo: Kuchora ramani ya Wardley ndani ya Obsidian

Wakuu, ramani ya mkakati aliyoibuni Simon Wardley mwaka 2005 ina mihimili miwili. Wa wima unaonyesha kitu kinaonekana kiasi gani kwa mteja. Wa mlalo unaonyesha kimekomaa kiasi gani, kuanzia kipya kabisa hadi kile kinachonunuliwa kama umeme. Ukiichora kwa maandishi ndani ya Obsidian, programu ya kuandika madokezo, marekebisho ni kubadili namba tu, na ramani inakaa pamoja na maelezo yake.

1. Nakili folda nzima ya madokezo kwanza. Programu-jalizi (kiongezo tutakachosakinisha ili kichore ramani) inaweza kusoma na kuandika faili zako, hata kama msimbo wake ni huria.

2. Settings, Community plugins, zima Restricted mode, bonyeza Browse, tafuta "wardley". Bonyeza Install, kisha Enable. Wengi huishia Install, na hakuna kinachochorwa.

3. Isipokuwepo kwenye orodha, pakua main.js, manifest.json na styles.css (kama ipo) kutoka ukurasa wa matoleo wa mradi. Ziweke ndani ya .obsidian/plugins/, kwenye folda yenye jina lilelile la "id" iliyo ndani ya manifest.json. Usichukue zipu ya msimbo ghafi: mara nyingi haina main.js, maana faili hiyo huzalishwa toleo linapojengwa.

4. Kwenye dokezo, fungua bloku ya msimbo kwa alama tatu za ` na neno linalotajwa kwenye README (faili la maelezo ya programu-jalizi), bila kukosea herufi. Ndani yake:

title Duka la vitabu mtandaoni
anchor Msomaji [0.95, 0.60]
component Tovuti [0.80, 0.50]
component Malipo [0.55, 0.75]
component Seva [0.20, 0.90]
Msomaji->Tovuti
Tovuti->Malipo
Tovuti->Seva
evolve Tovuti 0.70

Namba ya kwanza ni wima, ya pili ni mlalo. Hapa ndipo penye makosa mengi, kwa sababu shuleni tulizoea kuanza na mlalo. Ukizigeuza, Seva itapanda juu karibu na mteja na ramani nzima itadanganya. Mstari wa evolve unaonyesha Tovuti inakoelekea.

MASWALI

Swali: Mstari kati ya vipengele viwili hauonekani.
Jibu: Jina kwenye kiungo halilingani na la component. "Malipo" na "Malipo ya simu" ni vitu viwili. Nakili jina, usiliandike upya.

Swali: Naona maandishi tu, mchoro hakuna.
Jibu: Uko Source mode. Hamia Reading view.

Swali: Nitajuaje kipengele kikae wapi kwenye mlalo?
Jibu: Tazama soko, usitazame ofisi yako. Kama wauzaji wengi wanatoa kitu kilekile na unaweza kuhama bila mteja kugundua, kipeleke kulia, 0.7 na zaidi. Kama kila anayekihitaji anakijenga mwenyewe, kinakaa kati ya 0.2 na 0.4. Mfumo mlioutengeneza wenyewe kwa gharama kubwa bado unaweza kuwa bidhaa ya kawaida kwa wengine. Uweke kulia, hata kama inauma.