Jinsi ya kujua "reponer" ya Kihispania ina maana gani kwa Kiingereza

Wengi wetu tunaosoma Kihispania tunapitia Kiingereza, maana dikshenari za Kihispania kwa Kiswahili ni za kutafuta kwa tochi, sasa ukifika kwenye reponer unakuta replace, restock, recover, rerun, reply, zote zimepangwa mstari mmoja na hujui uchukue ipi. Usihangaike na kitenzi chenyewe, angalia kinachokuja baada yake.

Poner ni kuweka, re- ni tena, kwa hiyo wazo la msingi ni kurudishia pale palipobaki pengo. Ikifuatwa na bidhaa au akiba iliyoisha, andika restock au replenish: reponer las estanterías ni kujaza tena shelfu za dukani, na kule Hispania mtu wa kazi hiyo supamaketi anaitwa reponedor. Ikifuatwa na kitu kilichovunjika, mfano reponer el cristal roto, hapo ndo replace inakaa vizuri. Ikiwa ni mtu na cheo chake, lo repusieron en su cargo, yaani wamemrudisha kwenye nafasi yake, tumia reinstate. Ikiwa ni tamthilia ya zamani inarushwa tena kwenye TV ni rerun. Reponer fuerzas ni kupata nguvu tena, mtu amekula amepumzika.

Ukiona se imejibandika, reponerse de una gripe, basi ni kupona, recover, na inafaa pia kwa mtu aliyepata mshtuko au msiba akaanza kusimama tena.

Halafu kuna ile inayowapoteza watu kwenye riwaya. Mhusika anaongea, kuna kistari, halafu repuso ella. Hakuna kitu kilichorudishwa hapo, ni "alijibu", reply, na maana hii utaikuta kwenye wakati uliopita tu.

Sasa kama kitu kipya kinachukua nafasi ya kingine cha aina tofauti, reponer sio yake, chukua reemplazar au sustituir. Hapo kwenye sustituir naomba utulie kabisa, kwa sababu sustituir la mantequilla por aceite maana yake siagi inatoka, mafuta yanaingia, lakini Kiingereza ukisema substitute unaanza na kile kinachoingia, substitute oil for butter, kwa hiyo ukitafsiri neno kwa neno umeshageuza risipi nzima, mtu atatoa mafuta aweke siagi. Njia salama ni kuandika replace butter with oil, mpangilio unabaki kama wa Kihispania na hakuna anayechanganyikiwa.

Kuinyambua ni kama poner tu: repongo, repuse, repondré, na ukimwambia rafiki arudishie unasema repón, usisahau alama juu ya o. Umbo la repuesto likikaa peke yake kama nomino ni spea, spare part, na rueda de repuesto ni tairi la spea, ila ukiwa Meksiko gari limekuharibikia uliza refacciones, ndo neno ambalo mafundi na maduka ya kule wanalitumia.