Moro au Iringa? Jinsi ya kuamua kabla hujalipa kodi ya miezi sita

Watu wengi saivi wanataka kutoka Dar, wengine kazi imewapeleka na wengine wamechoka tu joto na foleni, na ukiwauliza wanafikiria wapi majina mawili yanajirudia sana, Morogoro na Iringa. Yote iko barabara moja, Moro ni kama kilomita 190 kutoka Dar, ukinyoosha unapita Mikumi, Ruaha Mbuyuni, unapanda mlima Kitonga, unapita nyanya za Ilula na unatokea Iringa, hapo umeshakula kilomita 500 kasoro kidogo. Nimekaa kote kote kwa hiyo naongelea kuishi, utalii ni habari nyingine.

Cha kwanza kabisa, usiamue kwa mwezi uliotembelea. Mtu anaenda Moro mwezi wa 7, jua limepoa, Uluguru iko kijani, anasema hapahapa. Mwingine anaenda Iringa mwezi wa 4 kwenye harusi, mvua zinaishia, anaona hali ya hewa kama ya friji ya kistaarabu, anarudi Dar kufunga mizigo. Kila mji una mwezi wake mbaya na huo ndo wa kwenda kuutembelea. Moro nenda wa 1 au wa 2, mji uko kama mita 500 tu juu ya bahari, joto linapita nyuzi 30 mchana na usiku godoro linakuwa la moto. Iringa nenda wa 6 mwishoni au wa 7, kule uko juu ya mita 1,500, usiku inashuka kwenye 12 hivi na kuna upepo ambao hauna adabu. Mafuta ya nazi Iringa msimu huo yanaganda kwenye chupa mpaka uyachokonoe na kijiko, Moro yanamwagika kama maji. Ukikaa hata wikiendi moja tu kwenye mwezi mbaya unajua kama mwili wako unakubali.

Halafu ongeza wa 9 na wa 10 kwa Iringa, maana watu wanasahau hii. Iringa ina msimu mmoja wa mvua, unaanza kama mwezi wa 11 mwishoni unaisha wa 4, baada ya hapo ni ukavu miezi na miezi, vumbi, midomo inapasuka, mwenye pumu au mafua ya vumbi ajipime vizuri. Moro inapata vuli na masika kwa hiyo vumbi halikai muda mrefu vile, ila mbu nao wanapata pa kuzaliana. Kwenye malaria Iringa inashinda bila ubishi, ni kati ya mikoa yenye malaria chache kabisa nchini, na kama una watoto wadogo hiyo peke yake inaweza kuamua kila kitu.

Sasa kazi. Jiulize swali moja, hela yako inatoka wapi? Kama wateja, mabosi au mizigo yako iko Dar, chukua Moro usijisumbue. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria mwezi wa 6 mwaka 2024, Dar mpaka Moro ni kama saa mbili kasoro, nauli ya kawaida ilianza na 13,000, yaani unaenda asubuhi unafanya kikao unarudi kulala kwako. Sema stesheni iko nje kidogo ya katikati ya mji, weka na hela ya boda au bajaji kwenye hesabu. Iringa kwenda Dar ni basi la kutwa nzima, ukienda kwa ajili ya kikao cha saa moja jua umepoteza siku tatu na mgongo.

Kama ajira yako iko palepale mjini basi hesabu inabadilika. Moro ina vyuo vikuu vya SUA na Mzumbe, ina viwanda, ina biashara ya njiani kwa sababu magari ya Dodoma na ya nyanda za juu yote yanapita. Iringa nayo ni mji wa vyuo, kuna Mkwawa, kuna RUCU, kuna Chuo Kikuu cha Iringa, halafu nyuma yake kuna Mufindi na mbao zake na chai. Vyuo vikifunga utaona mtaa wa Kihesa unavyonyamaza, kwa hiyo kama biashara yako ni chipsi au steshenari panga na kalenda ya chuo kwanza. Mtumishi wa serikali wewe omba uhamisho kwenye ESS, ule mfumo wa mtandaoni wa watumishi, au tafuta wa kubadilishana naye, na hapo jua kwamba mji unaweza kukuchagua wewe.

Kwa wanaojiajiri, hali ya hewa iingie kwenye hesabu ya biashara kabisa. Juisi ya miwa, barafu, maji baridi, hivyo ni vya Moro, Iringa mwezi wa 7 utajinywea mwenyewe. Mitumba ya masweta na mablanketi ni kinyume chake. Unataka kufuga kuku? Vifaranga Iringa vinakula mkaa wa kupasha joto kama vinakula pumba, ila broila wakubwa Moro mwezi wa 1 wanahema midomo wazi na wengine wanakufa mchana mchana. Hata maandazi, hamira Iringa inachelewa, lazima ukande mapema zaidi, mama ntilie wote kule wanajua.

Tukija kwenye nyumba, hapa ndo watu wanapigwa. Dalali atataka akuonyeshe asubuhi na mapema, Moro kataa. Nenda saa nane mchana, ingia chumba cha kulala, funga mlango na dirisha, kaa dakika kumi. Ukitoka umelowa basi umepata jibu, kama hakuna silingibodi wala mti wa kivuli ndo usahau. Angalia neti za madirisha na uulize majirani (siyo dalali!) maji yanatoka siku gani, na tanki la nyumba ni la lita ngapi. Upande wa mlimani kama Bigwa na Kilakala kunapoa kidogo, Kihonda ni tambarare na joto lake ni la kweli ila viwanja na nyumba mpya viko huko. Mabondeni karibu na mito muulize mzee wa mtaa maji ya masika yanafika wapi.

Iringa fanya kinyume, nenda saa kumi na mbili asubuhi. Angalia chini ya mlango kama mwanga unapita, kama unapita na upepo utapita. Dirisha la chumbani liangalie magharibi ili jua la jioni lipashe ukuta kabla ya kulala. Gangilonga na Wilolesi kumetulia na bei imetulia pia kwa juu, Ipogolo iko chini mtoni kwenye barabara kuu, kwa hiyo ukifanya kazi mjini kila siku unapandisha kilima, kwa mguu utaimba.

Na umeme usiusahau. Moro feni inatosha, haili sana. Iringa utatamani hita ya kuogea, na kama mita yako iko tarifu ya D1, ile ya matumizi madogo ya nyumbani, uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja, ukivuka zinazozidi zinapigwa 350 kila moja kabla ya kodi, hita itakuvusha haraka. Watu wanakimbilia jiko la mkaa ndani, naomba sana usilale nalo chumba kimefungwa, ile hewa haina harufu na inaua familia nzima.

Mimi ukiniuliza, mwenye mshahara wa kudumu na watoto wadogo namwambia Iringa na nunua blanketi zito. Mwenye dili za Dar namwambia Moro, ila akae upande wa mlimani.

Mizigo usikodi gari jipya la kwenda tu. Fuso zinazoshusha nyanya, viazi na mbao Dar nyingi zinarudi hazijajaa, nenda sokoni zinaposhusha ongea na dereva mwenyewe, bei inashuka sana. Turubai liwe zima, na kama ni Iringa mwambie apande Kitonga mchana.