Somo: Kugawanya, sehemu na ufahamu – kumsaidia mtoto wa darasa la nne nyumbani

Mpaka darasa la tatu kazi kubwa ya mtoto ilikuwa kutambua maneno na kujumlisha na kutoa. Darasa la nne kitabu cha sayansi kinamtaka asome aya nzima peke yake na aeleze alichoelewa, na hesabu zinaleta kuzidisha tarakimu nyingi, kugawanya kwa njia ndefu, sehemu, mzingo na eneo. Mitaala hutofautiana kidogo, kwa hiyo fuata daftari la mtoto kuliko orodha yoyote. Tutakaa zaidi kwenye hesabu, maana huko ndiko wazazi wengi hukata tamaa mapema.

Hatua ya 1: Tafuta mahali hasa anapokwama. Mwandikie 617 ÷ 6 na umwombe afanye huku akisema kila anachofanya. Wewe nyamaza, hata akikosea. Mtoto anayekosa kugawanya mara nyingi anajua utaratibu, ila amekosea kuzidisha au kutoa katikati ya kazi. Ukimrundikia maswali 20 ya kugawanya kabla hujajua hilo, anarudia kosa lile lile mara 20.

Hatua ya 2: Punguza mzigo wa jedwali la kuzidisha. Kuanzia 1 × 1 hadi 10 × 10 yako majibu 100, na mtoto akiyaona yote ubaoni anaogopa. Mwonyeshe kwanza kwamba 3 × 8 ni sawa na 8 × 3. Hapo yanabaki 55. Ondoa ya 1, 2, 5 na 10, ambayo kwa kawaida anayajua: yanabaki 21. Ya 9 yana kanuni: kwa 9 × 7, makumi ni moja pungufu ya 7, yaani 6, na tarakimu mbili za jibu zikijumlishwa zitoe 9, jibu ni 63. Ya 4 ni kuzidisha kwa 2 mara mbili, na ya 3 ni kuzidisha kwa 2 kisha kuongeza namba ile ile mara moja zaidi. Kinachobaki cha kukariri kweli ni sita tu: 6 × 6 = 36, 6 × 7 = 42, 6 × 8 = 48, 7 × 7 = 49, 7 × 8 = 56, 8 × 8 = 64. Mpe mawili kwa wiki, si yote usiku mmoja.

Hatua ya 3: Kugawanya. Mpangilio ni gawanya, zidisha, toa, shusha, kisha unaanza tena. Kwa 617 ÷ 6: 6 katika 6 ni 1; 1 × 6 = 6; 6 kutoa 6 ni 0; shusha 1. Hapa ndipo wengi huanguka. 1 haitoshi kugawanywa kwa 6, basi mtoto anashusha 7 moja kwa moja na kuandika 12 baki 5. Lazima aandike 0 kwenye nafasi ya makumi kabla ya kushusha 7. 17 kwa 6 ni 2, baki 5. Jibu ni 102 baki 5.

Mfundishe kinga mbili. Kwanza akadirie kabla ya kuanza: 600 ÷ 6 ni 100, kwa hiyo 12 haiwezekani kabisa. Pili ahakiki: 102 × 6 = 612, ongeza 5, tunapata 617. Baki likiwa sawa na kigawanyo (namba anayogawanya kwayo, hapa 6) au kubwa kuliko hicho, kuna mahali alichukua kidogo mno. Na kama tarakimu zake zinapanda na kushuka hovyo, mpe daftari la miraba, tarakimu moja kila mraba. Makosa mengi huishia hapo hapo.

Hatua ya 4: Sehemu, kwa karatasi kwanza. Kata vipande vitatu vya karatasi, kila kimoja sentimita 24. Kimoja kikunje nusu (sm 12), cha pili robo (sm 6), cha tatu kigawe theluthi (sm 8). Mtoto anayedhani 1/4 ni kubwa kuliko 1/3 kwa sababu 4 inazidi 3 ataona kwa macho yake. Kosa la pili ni 1/2 + 1/4 = 2/6. Usimwambie tu kwamba amekosea. Mwache apime: nusu na robo zikiunganishwa ni sm 18, wakati 2/6 ya sm 24 ni sm 8. Amejumlisha akapata kidogo kuliko alichoanza nacho! Baada ya hapo ndipo umweleze kwamba nusu ni robo mbili, hivyo jibu ni 3/4.

Dakika 15 hadi 20 kila siku zinatosha kwa haya yote.

Maswali ya wazazi

Swali: Mwalimu, mwanangu anaimba jedwali lote bila kukosea, lakini ukimuuliza 7 × 8 anaanza tena kutoka 7 × 1.
Jibu: Ameshika wimbo. Andika kila swali kwenye kadi, jibu nyuma, uzichanganye. Anazojibu papo hapo ziweke kando. Anazohesabu kwa vidole zirudi kesho.

Swali: Anasoma kwa sauti vizuri sana, ila ukiuliza amesoma nini, hajui.
Jibu: Asome aya moja, afunike kitabu, aeleze kwa maneno yake. Kisha uliza swali ambalo jibu lake halikuandikwa wazi: “Unadhani kwa nini alifanya hivyo? Nionyeshe sentensi iliyokufanya useme hivyo.” Akikwama kwenye maneno zaidi ya matano katika kila mia, kitabu hicho ni kigumu kukisoma peke yake, kisomeni pamoja.

Swali: Lugha ya shule siijui vizuri. Si nitamchanganya?
Jibu: Hapana. Mweleze kwa lugha mnayoelewana nyumbani. Akishaelewa theluthi ni nini, shuleni anabaki na kazi ya kujifunza jina lake.

Swali: Njia niliyofundishwa mimi si ya mwalimu wake. Nifundishe ipi?
Jibu: Ya mwalimu, mpaka aishike. Yako itumieni kuhakiki jibu.

Swali: Analia akiona tu alama ya kugawanya.
Jibu: Acha kazi ya siku hiyo, ndugu, na umrudishe chini. Anza na 48 ÷ 4, ambayo haina baki popote. Kesho 96 ÷ 4, ambapo moja inabaki kwenye makumi na kuungana na 6 kuwa 16. Kisha 824 ÷ 4. Akitoa 206 bila kuangusha sifuri, rudini kwenye maswali ya shule.